Saratani inapokataa dawa: herufi moja ya jeni na hesabu ya siku kwa wanaovuka mipaka

Na Mwandishi Wetu

Watu wa ukanda huu wanajua maana ya ugonjwa kukataa dawa. Klorokwini ilitibu malaria kwa miaka mingi, kisha vimelea vikawa sugu na serikali zetu, moja baada ya nyingine, zikaiacha na kuhamia dawa mseto. Kifua kikuu sugu nacho kinafahamika. Kinachojulikana na wachache ni kwamba saratani pia huwa sugu, na kwamba usugu huo unaweza kuanzia kwenye herufi moja tu ya maandishi ya jeni.

Jambo hilo limechunguzwa hatua kwa hatua katika saratani moja ya damu ambayo madaktari huiita CML. Saratani hiyo inamhusu mfanyabiashara wa mipakani kwa sababu mbili. Kwanza, nchini Marekani wengi wanaogundulika kuwa nayo wamefika miaka ya 60, lakini hospitali za Afrika Mashariki zimekuwa zikiripoti wagonjwa wengi wa miaka ya 30 na 40, watu walio katikati ya shughuli zao. Pili, tiba yake ni kidonge cha kila siku. Mgonjwa halazwi wodini. Anarudi sokoni, anapanda basi la Busia au Rusumo, anapanga foleni Namanga au Mutukula, na dawa yake iko ndani ya mkoba. Iwapo dawa hiyo itaendelea kufanya kazi au la, kwa sehemu kubwa inategemea yanayotokea safarini.

UGONJWA WENYEWE

CML huanzia kwenye uboho, sehemu laini iliyo ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kulinda mwili, huanza kuzaliana bila kipimo. Kwa muda mrefu mgonjwa huenda asihisi kitu. Baadaye huja uchovu usioisha, kupungua uzito, jasho la usiku na hali ya kujaa chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu bandama imevimba.

Dalili hizo zinafanana na za malaria au kifua kikuu, na ni rahisi mtu kuzunguka kwa miezi akitibiwa yasiyomhusu. Kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu ndicho hutoa ishara ya kwanza: chembe nyeupe zinaonekana nyingi kupita kiasi.

Ugonjwa huu hauambukizi, na mzazi hamrithishi mtoto. Usipotibiwa huenda polepole kwa miaka michache, kisha hubadilika na kuwa mkali, na ukifika hapo huua kwa muda wa miezi.

MWANAFUNZI NA KROMOSOMU NDOGO

Baadhi ya yale tunayoyajua kuhusu CML yaligunduliwa na watu waliokuwa bado wanasoma shahada ya uzamivu. Shahada hiyo ni ya utafiti. Mwanafunzi huchukua swali moja ambalo halijajibiwa, hulifanyia kazi kwa miaka kadhaa katika maabara chini ya msimamizi, na hapewi shahada mpaka alete jambo jipya.

Mwaka 1960, katika jiji la Philadelphia, Marekani, mwanafunzi wa aina hiyo aitwaye David Hungerford alikuwa akichunguza kromosomu za binadamu, yaani zile nyuzi 46 zinazobeba jeni ndani ya kila chembe ya mwili. Alishirikiana na daktari Peter Nowell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Nowell alikuwa amesuuza vioo vyake vya hadubini kwa maji ya bomba, na maji hayo yakazivimbisha chembe hata kromosomu zikaonekana vizuri. Walipotazama damu ya wagonjwa wa CML waliona kromosomu moja iliyo fupi kuliko kawaida. Ikapewa jina la jiji lile: kromosomu ya Philadelphia.

Ilichukua miaka 13 kujua kipande kilichokatika kilikwenda wapi. Mwaka 1973 Janet Rowley, daktari wa Chicago, alikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, huku watoto wake wakimtania kwamba anacheza na wanasesere wa karatasi. Aliona kwamba kromosomu namba 9 na namba 22 zilikuwa zimebadilishana vipande.

Baadaye ikafahamika kwamba pale vipande vilipoungana, jeni mbili zisizohusiana zimegeuka kuwa moja, inayoitwa BCR-ABL. Jeni hiyo hutengeneza protini ambayo huiambia chembe nyeupe izaliane usiku na mchana. Mwaka 1990 George Daley, aliyefanya uzamivu wake chini ya David Baltimore katika chuo cha MIT, alichapisha pamoja na wenzake ushahidi kwamba panya wakiwekewa jeni hiyo hupata ugonjwa unaofanana na CML. Hapo shaka ikaondoka. Adui alikuwa mmoja, na alijulikana alipo.

KIDONGE KILICHOBADILI HESABU

Daktari Brian Druker wa Oregon na mwanakemia Nicholas Lydon, aliyekuwa katika kampuni ambayo leo ni Novartis, walitafuta kemikali inayoweza kuziba sehemu ya protini hiyo inayofanya kazi, kama mtu anavyochomeka kijiti kwenye tundu la kufuli. Wagonjwa wa kwanza walianza kuimeza Juni 1998. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001, kati ya wagonjwa 54 waliopewa dozi ya kutosha wakiwa bado katika hatua ya polepole, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Mei 2001 dawa hiyo, imatinib, iliidhinishwa Marekani. Wengi waliifahamu kwa jina la biashara, Glivec.

Bei ilikuwa kikwazo. Huko Marekani ilizidi dola 20,000 kwa mwaka tangu mwanzo. Katika nchi zetu wagonjwa wengi wameipata bure kupitia mpango wa msaada uliosimamiwa na Max Foundation. Hospitali ya Nairobi ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoigawa, na nchini Rwanda kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012, kimetibu wagonjwa kwa njia hiyo. Aprili 2013 Mahakama Kuu ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza ya dawa hiyo, na viwanda vya India vikaendelea kutengeneza imatinib ya bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

HERUFI MOJA

Hata kabla dawa haijaidhinishwa, madaktari walikuwa wameona jambo la kutisha. Wagonjwa waliokuwa tayari katika hatua kali walipata nafuu ya haraka, kisha baada ya miezi saratani ikarudi wakiwa bado wanameza kidonge kilekile.

Swali hilo lilimwangukia Mercedes Gorre, mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya daktari Charles Sawyers, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kazi ya mikono ilikuwa rahisi kuieleza, ingawa ngumu kuifanya: kuchukua chembe za mgonjwa za kabla ya tiba, kuchukua nyingine baada ya ugonjwa kurudi, kisha kusoma jeni ya BCR-ABL herufi kwa herufi na kulinganisha.

Majibu yalichapishwa mwaka 2001. Katika wagonjwa 6 kati ya 9 waliochunguzwa kwa undani, herufi moja ya jeni ilikuwa imebadilika. Kwa sababu ya herufi hiyo, mahali namba 315 kwenye protini, ambapo dawa ilikuwa inajishikiza, pamekaa kitu kingine kikubwa zaidi kinachoziba njia. Dawa inafika, lakini haina pa kushika. Wataalamu huyaita mabadiliko hayo T315I. Katika wagonjwa wengine 3, chembe za saratani zilikuwa zimeongeza nakala za jeni hiyo, zikatengeneza protini nyingi kuliko dozi ya dawa.

Utafiti uliofuata ulionyesha aina nyingine nyingi za mabadiliko, na kwamba baadhi yake yapo hata kabla ya kidonge cha kwanza, yamejificha katika chembe chache kati ya mamilioni. Dawa huua chembe zote inazoweza kuzishika. Zile chache zisizoshikika hubaki peke yao, uwanja ukiwa mtupu, nazo huzaliana. Mkulima aliyewahi kupulizia dawa ileile ya wadudu kila msimu ameona jambo hilo shambani.

Kujua umbo la tatizo kulileta dawa mpya. Dasatinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 na nilotinib mwaka 2007, nazo huyaweza mabadiliko mengi lakini si T315I. Ponatinib ya mwaka 2012 huiweza, ingawa ina hatari ya kuganda kwa damu katika mishipa na hutolewa kwa uangalifu mkubwa. Asciminib ya mwaka 2021 hujishikiza upande mwingine kabisa wa protini. Ndiyo maana kipimo cha kusoma jeni si anasa kwa mgonjwa ambaye dawa ya kwanza imemshinda. Kumpa dawa ya pili bila kujua ni herufi gani imebadilika ni kubahatisha, na dawa hizi si za kubahatishia.

SIKU TATU KWA MWEZI

Si kila kushindwa kwa dawa ni kosa la mgonjwa. T315I inaweza kumtokea mtu ambaye hajaruka kidonge hata siku moja, na hakuna sababu ya kumlaumu. Lakini daktari anapoona ugonjwa unapanda, swali lake la kwanza, kabla hata ya kuagiza kipimo cha jeni, ni kama dawa inamezwa kila siku. Kuna sababu nzuri ya kuuliza hivyo.

Mwaka 2010 watafiti wa London, wakiongozwa na David Marin, walitangaza matokeo ya wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinib kwa miaka. Kwa miezi mitatu kila mgonjwa alitumia chupa yenye kifuniko chenye kifaa cha elektroniki kilichorekodi kila kilipofunguliwa, bila mgonjwa kujua kwamba kinahesabu. Wagonjwa 23 walikuwa wamemeza asilimia 90 ya vidonge au pungufu.

Asilimia 90 inasikika kama alama nzuri. Katika mwezi wa siku 30, maana yake ni siku tatu zimerukwa. Watafiti walipotazama uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi kiwango salama ndani ya miaka sita, waliovuka asilimia 90 walikuwa na nafasi ya takriban 94 kati ya 100. Waliobaki kwenye 90 au chini walikuwa na nafasi ya takriban 28 kati ya 100.

Siku tatu ni roli lililokwama mpakani kwa sababu ya karatasi za forodha. Ni mzigo wa mitumba uliochelewa, au msiba uliokuita kijijini ukaacha mkoba mjini. Kwa biashara, siku tatu hufidiwa. Kwa dawa hii hazifidiwi, kwa sababu katika siku hizo protini ya BCR-ABL inarudi kazini na chembe zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaliana. Kila chembe mpya ni nafasi nyingine ya herufi kukosewa.

Kinachodanganya ni kwamba mgonjwa hahisi chochote. Anaruka wiki moja na bado ana nguvu za kubeba magunia. Saratani hurudi kimya kimya katika vipimo, miezi mingi kabla ya kurudi mwilini.

KABLA YA KUPANDA BASI

Anayetumia dawa hii, au mwenye ndugu anayeitumia, afanye hesabu ya safari kama anavyofanya hesabu ya mtaji.

Hesabu siku za safari, kisha ongeza vidonge vya wiki moja zaidi. Kama tarehe ya kuchukua dawa kliniki inaangukia ukiwa nje ya nchi, mweleze daktari au muuguzi mapema. Kuomba kuchukua kabla ya tarehe si aibu.

Dawa isafiri nawe, si na mzigo. Mzigo unaweza kulala ghalani huku wewe umevuka. Iache katika pakiti yake ya asili, mbali na joto na unyevu, na ubebe cheti cha dawa au barua ya daktari yenye jina lako kama lilivyo kwenye hati yako ya kusafiria. Ofisa wa mpakani akiuliza, karatasi hiyo inajibu.

Kidonge humezwa pamoja na chakula na maji mengi, kwa kawaida mara moja kwa siku. Wengi huona ni rahisi kukifunga na jambo ambalo halibadiliki hata safarini, kama mlo wa jioni. Ukisahau, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo. Usimeze dozi mbili siku inayofuata ili kufidia.

Usinunue dawa hii kwa mtu anayeuza mkononi, wala usimgawie mwenzako. Dawa ya msaada ina jina la mgonjwa mmoja, na ukigawa nusu mnaharibikiwa wote wawili.

Mwambie daktari kila dawa nyingine unayotumia. Rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, hupunguza sana kiwango cha imatinib katika damu. Zipo pia baadhi ya dawa za VVU na za kifafa zinazofanya hivyo. Balungi nalo huvuruga kiwango cha dawa, na mitishamba isitumiwe bila daktari kujua. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba azungumze na daktari kabla, kwa sababu dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Madhara kama kichefuchefu, kuvimba macho na kukaza misuli ni ya kawaida, na daktari ana njia za kuyapunguza. Kuacha dawa kimya kimya kwa sababu ya madhara ndiko hatari.

KIPIMO KISICHOONEKANA KWA MACHO

Kumeza dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima, kwa kawaida kila miezi mitatu mwanzoni. Damu kuonekana ya kawaida haitoshi. Kinachopimwa ni kiasi cha jeni ya BCR-ABL iliyobaki. Malengo yanayotumika kimataifa ni haya: baada ya miezi mitatu isizidi asilimia 10, baada ya miezi sita isizidi asilimia 1, na baada ya mwaka isizidi asilimia 0.1, yaani 1 kati ya 1,000. Asiyefikia malengo hayo anahitaji kuangaliwa upya mapema, kabla ugonjwa haujawa mkali.

Habari njema ni kwamba mashine ya GeneXpert, ambayo ukanda wetu unaitumia sana kupima kifua kikuu, inaweza pia kupima BCR-ABL ikiwekewa katriji maalumu. Mashine ikiwepo, kinachobaki ni katriji kununuliwa na kufika kwa wakati. Hilo ni suala la bajeti na ugavi, mambo ambayo wafanyabiashara wanayaelewa kuliko wengi.

Kwa wanaofanya vizuri kwa miaka mingi kuna tumaini zaidi. Katika jaribio la Ufaransa liitwalo STIM, lililotoa matokeo mwaka 2010, wagonjwa ambao ugonjwa haukuonekana tena kwenye vipimo vikali kwa angalau miaka miwili waliacha dawa chini ya uangalizi, na takriban 4 kati ya 10 waliendelea bila ugonjwa kurudi. Hili haliwezi kufanywa kwa kukisia nyumbani. Bila vipimo vya karibu, hakuna anayejua yuko kati ya wale wanne au wale sita.

TUNA NAFASI GANI

Ukanda huu si mgeni katika utafiti wa saratani. Daktari Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto akiwa Kampala mwaka 1958, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Uganda hadi Afrika Kusini akiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo uko wapi. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago ilianza mwaka 1967. Katika mpango wa vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, nchi ziligawana kazi: Uganda ilipewa saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na Burundi lishe.

Mgawanyo huo una maana ikiwa mgonjwa wa Bujumbura au Mwanza anaweza kufaidika na ujuzi ulioko Kampala, na ikiwa wanafunzi wa uzamivu wa nchi zote wanapata sampuli na vifaa vya kusomea jeni za wagonjwa wa hapa. Wagonjwa waliochunguzwa Los Angeles na London si wa kwetu. Iwapo umri mdogo wa wagonjwa wetu, kuchelewa kugundulika na magonjwa mengine wanayobeba vinabadilisha namna usugu unavyotokea, ni maswali yanayostahili kujibiwa hapa.

Majibu yatahitaji damu ya wagonjwa. Gorre alipata jibu kwa sababu kulikuwa na chembe zilizohifadhiwa kabla ya tiba na nyingine baada ya ugonjwa kurudi. Hivyo daktari akikuomba chupa moja ya ziada kwa utafiti, una haki ya kuuliza itatumika wapi, jina lako litalindwaje, na una haki ya kukataa bila kunyimwa tiba. Ukikubali, unampa mwanafunzi fulani herufi za kusoma.

Na kabla ya safari ijayo, muulize daktari wako maswali matatu: kipimo changu cha mwisho cha BCR-ABL kilikuwa asilimia ngapi, kijacho ni lini, na nikikwama ng'ambo ya mpaka nimpigie nani? Andika majibu pale unapoandika bei na madeni.